Kilo Thelathini na Saba za Moshi

Treni ya asubuhi ilikuwa ikijikokota, na mwalimu mstaafu wa kemia alikuwa karibu kusinzia, pale jirani yake wa kiti, mtunza stoo mwenye bahasha mapajani, alipoamua kutoa la moyoni. "Mama, ofisini nimechoma faili chakavu kilo arobaini. Majivu wakayaweka kwenye mizani: kilo tatu. Leo naitwa mbele ya kamati nieleze kilo thelathini na saba nimezipeleka wapi."

"Zimetoka na moshi, mwanangu."

"Nimeandika hivyo hivyo. Wameniuliza nani aliuidhinisha huo moshi kutoka."

Mwalimu alijikaza asicheke. Miaka thelathini darasani, hakuwahi kupata mwanafunzi aliyelihitaji somo lake kiasi hiki. "Waambie hakuna kilichopotea," alisema, sauti ya ubaoni ikimrudia. "Tena ungeukusanya moshi wote ukaupima pamoja na majivu, uzito ungezidi hata hizo arobaini, maana moto umekula na hewa."

Treni ikasimama. Mtunza stoo aliinuka, akatazama huku na huku, kisha akamwinamia sikioni.

"Mama yangu, hilo liishie hapa hapa. Wakisikia zimezidi, wataniuliza nilizitoa wapi."