Mstari wa Bitiruti: Maisha ya Orest Hrynkiw, Aliyewafundisha Watoto wa Verbova Kuanguka

Marehemu Orest Hrynkiw, ambaye mji mzima ulimwita Babu, hata wale waliomzidi umri, alizaliwa tarehe 9 Machi 1940 katika shamba la ngano la wazazi wake, marehemu Petro na Hafia Hrynkiw, kaskazini mwa mji wetu wa Verbova, Saskatchewan. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Mama yake alisimulia kwamba siku hiyo theluji ilikuwa imeziba mlango, mkunga akaingilia dirishani, na Orest akazaliwa na sauti ambayo hakuipunguza tena maisha yake yote. Waliowahi kusimama karibu naye uwanjani wanajua hatujaongeza chumvi.

Alisoma shule ya chumba kimoja iliyokuwa njia panda ya Halbrook, akamaliza darasa la nane mwaka 1954. Hesabu alizipenda. Lakini somo lililomkaa zaidi alilipata kwenye bwawa lililoganda nyuma ya zizi, akiwa na miaka sita. Alikuwa amevaa viatu vya kutelezea barafuni vya dada yake Marusia, vyeupe, vikubwa, vimejazwa magazeti. Akaanguka katikati ya bwawa na kuinuka kukamshinda. Kaka zake walimcheka, wakaenda zao nyumbani kunywa chai. Marusia ndiye aliyerudi, na wala hakumshika mkono. Alimwambia, "Piga magoti kwanza. Simamisha mguu mmoja. Haya, jisukume." Orest akainuka.

Alilima ngano ya familia tangu 1961, na kila majira ya baridi alijitolea kuutunza uwanja wa barafu wa mji, wa kutelezea na kuchezea hoki. Tarehe 16 Oktoba 1965 alifunga ndoa na Stefania Kowalchuk katika kanisa hili hili. Walijaliwa watoto wawili, Danylo na Iryna. Stefania alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini yakitoka yalichoma, na kwa mume kama yule Mungu alijua alichokuwa anafanya.

Mwaka 1974 Orest alianzisha darasa la wachanga, watoto wa miaka minne hadi sita ambao hawajawahi kukanyaga barafu. Utaratibu wake uliwaudhi wazazi. Magongo ya hoki aliyafungia kabatini. Wazazi aliwatoa nje, wakae nyuma ya kioo, kwa sababu alisema mtoto akimwona mama hukumbuka kulia. Halafu aliwaamuru watoto waanguke, kisha wainuke wenyewe. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Watoto waligoma. Waling'ang'ania viti walivyopewa vya kusukuma, wakasimama kama vigingi, na aliyeanguka kwa bahati mbaya alilala hapo hapo akisubiri kubebwa. Baba mmoja alimwambia usoni kwamba amemleta mwanawe acheze hoki, hakumleta afanyiwe mazoezi ya ulevi.

Mambo yalibadilika kwa kosa. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 16 Desemba 1978. Dhoruba ilikuwa imefunga barabara, na rangi nyekundu ya mstari wa katikati ya uwanja haikufika. Orest hakuwa mtu wa kungoja. Alishuka stoo ya chini nyumbani kwake, akachukua mitungi yote ya maji ya bitiruti aliyoyakuta, akachora nayo mstari, mwekundu wa kupendeza. Watoto walipoingia, mmoja alipiga magoti akaulamba. Wa pili akamwiga. Kufumba na kufumbua darasa zima limelala kifudifudi, ndimi nje. Wazazi nyuma ya kioo walishika vichwa. Orest yeye alikuwa anatazama jambo jingine: kila aliyemaliza kulamba alipiga magoti, akasimamisha mguu mmoja, akainuka, akaenda kutafuta sehemu ambayo haijalambwa. Hakuna aliyebebwa.

Alirudi nyumbani anacheka peke yake, akamkuta Stefania amesimama mbele ya rafu tupu. Yale maji aliyachachusha mwenyewe kwa ajili ya supu ya mkesha wa Krismasi, ambao kwa kalenda ya zamani ya kanisa letu ni tarehe 6 Januari, wageni wameshaalikwa. Alimtazama mumewe, akasema, "Basi Krismasi mwaka huu tutailamba uwanjani." Hakumsemesha tena mpaka Jumatatu. Lakini kuanzia msimu uliofuata alitengeneza mitungi ya ziada, akaiweka kando bila kuombwa, na kila Jumamosi ya kwanza ya msimu mstari ukachorwa. Watu wazima wengi mlioketi hapa mmeulamba. Msijifanye hamkumbuki.

Stefania alifariki mwaka 2016, na Iryna akashika kazi ya mitungi. Moyo wa Orest ulianza kuchoka mwaka 2021. Septemba 2023 alihamia katika nyumba ya wazee hapa mjini, na daktari akamkataza uwanja katakata. Kifo hakikumsumbua. Kilichomnyima raha ni darasa. Jirani zetu wa Halbrook walikosa mtu wa kufundisha wachanga wao, na baada ya miaka michache uwanja wao ukawa ghala la matrekta. Chama chetu cha uwanja nacho kilikuwa kimetangaza kwamba asipopatikana mwalimu kabla ya Jumamosi ya kwanza ya Novemba, darasa litafungwa. Danylo yuko mbali. Iryna magoti yake hayamruhusu. Orest aliwapigia simu watu wa nusu ya mji, kila mmoja na udhuru wake.

Aliyekuwa akimwogesha na kumlisha ni Bi. Marivic Dalisay, mzaliwa wa Iloilo, Ufilipino, ambako barafu ni ya kutia kwenye glasi. Alikuwa na mtoto wa miaka mitano, Paolo, aliyetaka hoki kwa udi na uvumba. Bi. Marivic alimwambia Orest, "Mzee, huyu mtoto atavunjika."

"Ataanguka," Orest akajibu. "Kuvunjika ni habari nyingine. Wewe mwenyewe umewahi kuanguka?"

Wiki hiyo hiyo Bi. Marivic, mama wa miaka thelathini na minane, alionekana uwanjani akisukuma kiti. Alifanya hivyo Oktoba nzima, na kila jioni Orest alimhoji kitandani kama mwendesha mashtaka: goti lipi lilitangulia, mikono uliiweka wapi.

Jumamosi ya tarehe 4 Novemba Orest hakugusa uji wake. Iryna, aliyekuwa amekaa naye, anasema baba yake alitazama mlango asubuhi yote. Karibu na saa sita mlango ukafunguliwa, akaingia Paolo, mdomo mwekundu hadi kidevuni.

Orest alimtazama. "Nani alikuinua?"

"Hakuna," Paolo akasema. "Magoti, halafu mguu."

Nyuma yake alisimama Bi. Marivic, mwalimu mpya wa wachanga, suruali imelowa mpaka kiunoni, na mdomo wake nao mwekundu. Orest alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Kisha akaomba uji wake, akaula wote, akalala. Hakuuliza tena habari za darasa. Sisi tuliokuwa tumebeba wasiwasi wake miezi yote ile, tuseme kweli, tulishusha pumzi pamoja naye. Alifariki kwa utulivu Jumanne tarehe 21 Novemba 2023, akiwa na miaka themanini na mitatu.

Ameacha watoto wawili, Danylo na Iryna, wajukuu watano, dada yake Marusia, aliyeko nasi leo kwenye benchi la mbele na ambaye hata asubuhi hii amekataa kushikwa mkono, na Bi. Marivic na Paolo, ambao yeye mwenyewe aliagiza watajwe pamoja na familia.

Babu, mwili wako upate pumziko na roho yako ipate amani. Darasa lipo Jumamosi saa tatu, kama kawaida. Wazazi nyuma ya kioo.