Ungo wa Ukurasa wa Kwanza

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu? Nina pini mdomoni, sema upesi.

MWANDISHI: Dada, ni mimi. Shikamoo.

FUNDI: Marahaba, mwandishi wetu! Ngoja nisimamishe cherehani... Haya.

MWANDISHI: Umemaliza kukisoma kitabu changu?

FUNDI: Huko kwenu mvua zimeanza?

MWANDISHI: Dada! Mhariri anataka jibu saa kumi leo. Kiende kuchapwa, au nikirudishe nikiandike upya.

FUNDI: Kwani yeye anasemaje?

MWANDISHI: Anasema kina utulivu.

FUNDI: Utulivu! Mdogo wangu, hao wachawi wako wana vikao vingi kuliko halmashauri. Kurasa mia mbili wanafungua kikao, wanafunga kikao, hata kuku hajarogwa!

MWANDISHI: Ni wachawi wa kale, wana busara zao—

FUNDI: Na zipu? Ukurasa wa kumi na tisa, miaka mia tatu iliyopita, mchawi mkuu "akapandisha zipu ya gauni lake." Hiyo zipu kaitoa kuzimu?

MWANDISHI: Yesu wangu. Nitaifuta.

FUNDI: Nimecheka mpaka nikashona mkono wa shati kwenye kola. Shati la mteja!

MWANDISHI: [anacheka kidogo] Na... yule mchawi mkuu mwenyewe?

FUNDI: Huyo anayenusa chumvi kabla ya kuitia chunguni? Anayejifunga kitenge cha kijani akikasirika?

MWANDISHI: Umemjua.

FUNDI: Nisimjue mama yangu? Ila umemwosha mno. Anabariki watoto, anasamehe majirani. Mama yupi huyo? Wa kwetu alikuwa akirusha kandambili, inakata kona!

MWANDISHI: Ilikufuata mpaka chooni.

FUNDI: Na mlango nimefunga!

[mtandao unakwaruza]

MWANDISHI: Haloo? Unanisikia?

FUNDI: Nakusikia. Halafu ule ungo. Umeutundika ukutani chumbani mwake ukurasa wa kwanza, nikasema, ehee, leo tunaruka. Mpaka mwisho upo palepale, unakula vumbi. Mchawi mzima anakwenda vitani kwa miguu!

MWANDISHI: Niliandika anapaa. Mara nne.

FUNDI: Ikawaje?

MWANDISHI: Nikafuta. Akishapaa, dada... mule chumbani anabaki nani?

[droo inafunguliwa]

MWANDISHI: Upo?

FUNDI: Nipo. Kile kitenge chake ninacho hapa, kwenye droo ya cherehani. Mwaka mzima tangu tumzike nasema nikishonee kitu. Mkasi unakataa.

MWANDISHI: Hukuniambia.

FUNDI: Na wewe hukuniuliza. Basi, usinilize, pini zitashika kutu. Mwambie mhariri asubiri. Mpaishe huyo mama.

MWANDISHI: Mhariri atakasirika. Ataniuliza sababu.

FUNDI: Mwambie mchawi amechoka kutembea— Nini hicho kinalia?

MWANDISHI: Salio langu. Linakwisha—

FUNDI: Basi sikiliza! Apite juu ya bati la yule jirani mmbeya—

MWANDISHI: Ndiyo—

FUNDI: Ashuke kidogo, amwite kwa jina, akitoka tu, adondoshe—

[simu inakatika]

MWANDISHI: Kandambili. Dada? Haloo? Lakini enzi hizo kandambili hazikuwepo... Haya, Mama. Zitakuwepo.