Mama Natabo Emuria Anaiaga Kaunta ya Siga

Baada ya miaka kumi na minane hapa lojini, Mama Natabo Emuria anastaafu rasmi tarehe 31 Machi 1987. Wageni watauliza nani sasa atawachagulia siga, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku. Sisi wenyewe tunauliza hivyohivyo.

Aliajiriwa kama dobi. Babake aliwauzia wachungaji tumbaku kule Gotu, kwa hivyo pua yake ilianza kazi kabla yake. Siku moja alipita baa na shuka begani, akasimama mbele ya kreti ya siga iliyotoka Nairobi, akamwambia meneja, "Hizi zimelowa njiani. Ukimpa mgeni, atadhani anavuta soksi." Meneja akawasha moja, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Wiki iliyofuata shuka zikapata mtu mwingine.

Tangu hapo kaunta ikawa yake. Jua la Isiolo hukausha siga zikapasuka kama visigino, lakini zake alizilaza kwenye sanduku la mbao pamoja na kitambaa kibichi, akizigeuza kama mtu anayelea mapacha. Kila aina mpya aliivuta kidogo, akaizima, akatoa hukumu: hii ni ya baada ya nyama choma, ile ni ya mtu aliyegombana na mkewe.

Kisha ukaja ukame wa 1984. Wageni walipungua, tukaambiwa huenda wengine wetu wakarudishwa nyumbani. Tumaini letu likawa bwana mmoja wa kampuni ya utalii aliyekuja kutukagua, mpenzi mkubwa wa siga. Wiki hiyohiyo homa ikamnyang'anya Mama Natabo uwezo wa kunusa! Meneja alimsihi ajifanye ananusa tu. Akakataa.

"Bwana, pua yangu imeenda likizo bila ruhusa," alimwambia mgeni. "Lakini macho yapo."

Bwana yule, ambaye hakuwa amenyamaza tangu ashuke garini, alinyoosha kidole kwenye ile ndefu ya bei ghali. Mama akafunga sanduku. "Hiyo hapana. Wewe unaongea sana, itakuzimikia kila mara, halafu utatulaumu. Chukua hii fupi."

Meneja alishika kichwa. Mgeni alicheka sana, akawasha ile fupi, akatulia kimya akitazama milima. Mwaka uliofuata magari yake ya watalii yalianza kuja, na hakuna aliyefutwa kazi.

Pua nayo ilirudi siku Lochoro wa jikoni alipounguza githeri, mahindi na maharagwe ya chakula chetu. Sisi tulikimbia na ndoo za maji; Mama Natabo alibaki mlangoni akipiga vigelegele, "Nasikia harufu! Nasikia harufu!"

Sasa anaenda Ngare Mara kwa mbuzi na wajukuu wake. Asante, Mama, kwa kusema kweli siku ambayo uongo ungekuwa rahisi. Mungu akupe afya, mvua na usingizi mtamu.

Na jambo moja zaidi. Miaka yote hii hatujawahi kukuona ukimaliza siga hata moja, kwa sababu kila ukiwasha, kengele ya kaunta inalia. Leo tumekuwekea kiti chini ya kivuli. Chagua unayoipenda, uivute mpaka mwisho. Kengele tumeificha.

Margaret wa Mapokezi, kwa niaba ya wafanyakazi wote