Vigingi Arobaini na Kimoja

Ndugu, jamaa na majirani, sogeeni kivulini wale mnaokiona kivuli, maisha ya marehemu yameandikwa na dada yake mkubwa, aliyeishia darasa la saba, na ndiye anayewasomea, kwa kuwa wenye vyeti katika familia hii wanalia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa kitindamimba wa watoto watatu wa mchoma matofali na mkewe, na hatua mia mbili chini ya nyumba hiyo ndipo kilipoanzia kinamasi, ambacho ninyi vijana mnakijua kama mtaa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, na kabla hajamaliza, tarehe 20 Mei 1971, baba yao alizikwa katika makaburi haya haya, siku ambayo wachimbaji walifika futi tatu wakakuta maji, wakayachota kwa ndoo asubuhi nzima, nayo yakawa yanarudi kama mgeni asiyejua kuaga, marehemu akawauliza wakubwa maji hayo yanatoka wapi, akaambiwa anyamaze huu ni msiba, na tangu siku hiyo hakunyamaza tena.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, akasomea ufundi wa maji chuoni, na tarehe 2 Julai 1979 aliajiriwa na halmashauri ya mji kuwa mwangalizi wa visima, akapewa meza kwenye korido, jirani na choo, kwa muda, hadi ofisi itakapopatikana, akakaa hapo miaka thelathini na tisa. Kila Jumatatu aliteremsha katika kisima cha soko kamba yenye fundo kila mita, akatazama ilipoanza kulowa, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa halmashauri, mita nne mwaka aliofika, mita kumi na moja mwaka 1995, mita kumi na tisa mwaka 2006, na kila Ijumaa mfagiaji alifuta, bila ubaya wowote, kwani mlango mchafu ni kazi yake.

Tarehe 8 Desemba 1984 alimwoa mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja, na mkewe alikuwa akisema kwamba ana mke mwenza anayeitwa kinamasi, ila nafuu yake mwenzake huyo haombi nguo.

Mwaka 2007 halmashauri ilipitisha sheria ndogo, kwamba kuanzia ukingo wa kinamasi hadi mita sitini, pamoja na msitu wa juu unaokilisha maji, asijenge mtu, asikate mti wala asichimbe, na marehemu akapewa kazi ya kuweka mpaka. Alifyatua vigingi arobaini na kimoja vya zege uani kwake, akavipaka rangi nyeupe, na kwa kuwa aliogopa wizi, akakiandika kila kigingi namba yake, na hilo ndilo kosa lake, alilijua na hakujisamehe. Mwaka 2011 alikwenda kumzika mama mkwe, na katika wiki hizo mbili afisa ardhi mgeni alikagua eneo, akakuta vigingi vimenyooka, vyeupe, vina namba, akaamini kwamba viwanja vimekwisha kupimwa na kinachosubiriwa ni wenyewe, akavuta mistari kutoka kigingi hadi kigingi cha ng'ambo, akagawa. Kiwanja cha kwanza alikipata diwani, ambaye marehemu alipomwendea alimwuliza ni vyura wangapi wamejiandikisha kupiga kura, na kuanzia hapo mji mzima ukamwita Bwana Chura. Aliandika barua kumi na nne, akajibiwa moja, kisha mwenyekiti akamwita ndani, akamkalisha kwenye kiti kizuri, akamwambia mzee wangu, hata ukienda mahakamani, wataona vigingi ni vyako na mwandiko ni wako.

Msitu ulikatwa mwaka 2014 kuchomea matofali ya nyumba hizo. Alistaafu tarehe 30 Juni 2018, akazawadiwa cheti, saa ya ukutani na kiwanja, kati ya kigingi cha kumi na saba na cha kumi na nane, akakikataa mbele za watu, mkewe akamnunia mwezi mzima, na kesho yake kiwanja kilikuwa na mwenyewe.

Aliendelea kupima bila mshahara, hadi Jumatatu moja ya mwaka 2021 kamba ilipofika chini na kurudi kavu, akaikunja, akaitundika msumarini. Mwaka uliofuata figo zilimchoka, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mwezi Agosti mwaka huu wa 2023 alirudishwa nyumbani mara tatu, si kwa ubovu wa mashine, bali kwa kuwa mashine hiyo hunywa maji na bomba la hospitali halikuwa nayo. Alifariki Jumapili, tarehe 3 Septemba 2023, akiwa na miaka sitini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari, na wauguzi waliobeba ndoo, inawashukuru majirani, pamoja na ninyi wa ndani ya vigingi, ambao viti tulivyokalia ni vyenu, na wafanyakazi wenzake wa halmashauri, mliotuletea maji ya msiba kwa lori kutoka umbali tusioujua.

Asubuhi hii, kabla hamjafika, dada yake aliitoa kamba msumarini, akaiteremsha kaburini, hatua sita tu kutoka kwa baba yao, futi sita kamili, ikarudi na vumbi.

Pumzika, mdogo wetu, hakuna kilichobaki cha kupima.