Gurusa Juu ya Pasi

Basi lilipotoka Arua kwenda Koboko, mzee Wani alikuwa amejiandaa kusinzia, lakini wanawake wawili wa kiti cha mbele walimfukuzia usingizi. Walikuwa wamejuana papo hapo. Medina, mke wa mwanajeshi, aliolewa akamfuata mumewe mafunzoni Urusi, na huko ndiko alikojifunza kupika. Kesho Idd, atampikia mamamkwe kwa mara ya kwanza.

"Huko jiko iko kidogo, mama," alisema. "Ukitaka kugeuka, unatoka nje kwanza! Gurusa nilipika juu ya pasi ya umeme, nimeipindua. Ikatoka nyembamba kama karatasi. Warusi walikula mpaka wakaimba."

"Mkate ya wazee wetu juu ya pasi?" Mama Sitti, jirani yake wa kiti, alicheka hadi mtandio wake ukaanguka. "Hiyo iko gurusa ama shati?"

Wani aliuma kofia yake asisikike akicheka.

"Mkono yangu haijui chuma ingine, mama. Ndiyo nimebeba pasi."

"Na umeme Koboko iko wapi?"

"Nimenunua ya makaa." Medina akaifunua kapuni, nyeusi, mpya.

"Ya makaa! Ukipindua, moto yote si itamwagika kwa miguu ya mamamkwe?"

Basi zima likaangua kicheko, Medina mwenyewe akifuta machozi.

"Leta nikufichie," Sitti alisema. "Gurusa nitakufundisha hapahapa kwa mdomo."

"Hapana, mama. Pasi ndiyo nimezoea."

Basi likasimama Koboko. Mamamkwe alikuwa ameshafika dirishani, akalipokea kapu kwa mikono miwili, likamvuta chini.

"Mwanangu," akauliza, "umeniletea nini nzito hivi?"