Adriano Kapele na Wimbo Uliosubiri Waya

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani mliokuja kutushika mkono, Tumsifu Yesu Kristo. Familia inawaomba mtege sikio, tumkumbuke mpendwa wetu kabla hatujamsindikiza.

Adriano alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika kijiji cha Mollo, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Fabiani Kapele na marehemu mama Mariana, wakulima wa mahindi na ulezi. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia 1977 hadi 1983, kisha akaenda Mbeya kwa mjomba wake kujifunza ufundi wa redio, na mwaka 1992 akarudi Sumbawanga mjini, akafungua kibanda chake karibu na soko, baadaye akanunua spika na maiki, akawa ndiye anayeitwa kwenye harusi, misiba na jubilei. Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa takatifu na Kristiana, Mungu akawajalia watoto wawili, Herieth na Abeli.

Adriano alipenda sauti safi kuliko chakula. Akisikia kuna waya mnene wa maiki, wa bei mbaya, umeingia Dar es Salaam, alikuwa hatulii, kwa kuwa aliamini kwa moyo wote kwamba waya wa bei hufungua sauti, na wa kawaida huila.

Mama Mariana alikuwa mwimbaji wa nyimbo za Kifipa za kupura ulezi, na mwaka 2016, alipoona nguvu zinamwishia, alikuja mjini mwenyewe, akaketi kibandani, akamwambia mwanawe, "Washa mashine yako, unirekodi ule wimbo mrefu alionifundisha bibi yako." Adriano akamjibu, "Vumilia kidogo, mama, nimeagiza waya mzuri, huu nilio nao utakuharibia sauti." Mama akacheka, "Kwani anayeimba ni waya au ni mimi?" Hata hivyo alinyanyuka, akajifunga kitenge chake, akarudi Mollo kusubiri. Tarehe 9 Agosti 2016 alilala asiamke, na waya ukafika na basi wiki iliyofuata.

Wapo hapa wanaokumbuka yaliyotokea baada ya arobaini. Rafiki yake Shija, mwalimu wa kwaya, alimwomba wafanye jaribio katika ukumbi wa parokia, Kristiana akae nyuma ya pazia akibadilisha waya mpya na wa zamani, kwaya iimbe, naye Adriano asikilize na kusema upi ni upi. Walirudia mpaka waimbaji wakakauka koo, na yeye mara akapatia, mara akakosea, kama mtu anayerusha shilingi. Shija akamwambia kwa upole, "Kaka, waya usiokatika, ulioungwa vizuri, unatosha." Adriano aliketi kwenye benchi akalia mbele ya watu, wengi wakadhani analilia hela yake, ila mkewe alijua analilia nini.

Tangu hapo kila mteja aliyeulizia waya wa bei alimwambia ukweli, hata kama biashara ilimponyoka. Alipanda malori kwenda Mtowisa na Kirando na maiki yake ya kawaida, akarekodi wazee wakiimba, na mzee akisema njoo kesho, yeye alimjibu, "Shikamoo, baba, naomba iwe leo."

Mwezi Februari 2023 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hapa Sumbawanga na baadaye Mbeya. Akiwa wodini alimwomba Kristiana amwimbie ule wimbo wa mama, naye aliujua ubeti wa kwanza tu, aliousikia alipokuja kuolewa. Adriano aliufuata kwa midomo, na ulipokwisha alibaki ameinua uso, akingoja. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka 56.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mlioleta kuni na unga, wanakwaya, na mafundi wenzake wa sokoni ambao leo mmefunga vibanda vyenu. Na kama miongoni mwa bibi zetu mliotoka Mollo yupo anayekumbuka ubeti wa pili, Herieth yuko pale mlangoni na simu yake, tafadhali umwone kabla hujapanda gari.

Adriano, mwana wa Mariana, Mungu akupokee, ulale kwa amani.