Mustari wa Mazuku Niliofuta

Baba na mama, ndugu zangu wa hapa Murara, muchungaji amenipa dakika kumi. Jambo lenyewe ni la aibu, kwa hiyo sitazimaliza zote.

Mnanijua kama sekretere wa shule. Hamjui kwamba tuko kikundi kidogo tunaoandika ensiklopedia ya bure kwenye internet, kwa Kiswahili. Kila mutu anasoma, kila mutu anaweza kurekebisha, hakuna anayelipwa. Tumeandika juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, juu ya magonjwa ya maharagi, juu ya volkano yetu. Tuliandika kwa simu, kila mutu na mega zake za internet.

Kati yetu kuko mama mumoja wa Kibumba, muuza maharagi. Aliandika mustari mumoja juu ya bonde fulani karibu na ziwa, kwamba lina mazuku. Mazuku munayajua: ile hewa ya volkano inayotoka ardhini, haina harufu, inajikusanya pa chini, mutu analala na haamuki. Kaka yake alikufa pale.

Sasa mimi, prezida wa kikundi, nilichoka kuomba mega. Nilitaka kampuni itusaidie. Nilipiga shati pasi, nikazunguka mutaa wa Himbi na barua, mulango kwa mulango, mpaka walinzi wakanizoea. Mwishowe kampuni moja ya kuuza viwanja ilikubali. Walitupa chumba, internet, kompyuta nne, na mashati ya polo yenye jina lao. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilipenda kile kiti. Kilikuwa kinazunguka.

Siku moja shefu wao akaniita. Viwanja vyao vilikuwa pale pale bondeni.

"Papa, kazi yenu tunaipenda sana. Ila kuko mustari mumoja unatuharibia biashara."

"Mumoja tu?"

"Mumoja tu, papa."

Nikarudi kwenye kiti changu, nikaufuta. Nilijiambia nitaurudisha baadaye, wakishatuzoea.

Halafu volkano ikatoka. Hiyo sitaieleza, tulikimbia wote. Yule mama na majirani zake walifika kwenye lile bonde jioni, wamechoka, watoto wanalia. Watu wakaanza kutandika. Mama akawakataza. Baba mumoja mwenye mbuzi wawili akafungua simu, akatafuta ukurasa wetu.

"Mama, hapa hawakuandika hatari."

"Niliandika mimi mwenyewe!"

"Haiko, mama. Angalia."

Wakamucheka. Alipiga kelele mpaka wakapanda naye juu, kwa hasira. Yule baba, kwa ubishi, aliwaacha mbuzi wake chini, wamefungwa. Asubuhi mbuzi walikuwa wamekufa, hawana hata kidonda.

Tuliporudi mujini, mama alifungua historia ya ukurasa. Kwenye kazi yetu kila kitu kinachofutwa kinabakia pale, pamoja na jina la aliyefuta. Hilo mimi ndiye ninalifundisha wapya, siku yao ya kwanza. Akanikuta kwenye chumba.

"Papa, ni weye njo ulifuta?"

Nikaanza kueleza juu ya mukataba, internet, kompyuta. Aliniacha nikamaliza.

"Sikuuliza kompyuta," akasema.

Niliona haya. Nikaurudisha ule mustari mbele yake, na kesho yake nikawaambia wenzangu wote. Kampuni ilichukua chumba chake, na kiti. Wenzangu walininyang'anya uprezida. Wengine walitaka nitoke kabisa, lakini mama akasema, "Abakie. Afanye kazi."

Halafu vita ikaja. Watu wa barabara ya Rutshuru walikimbilia huku, wengine wakajenga mahema kando ya lile bonde. Ile kampuni ilifunga, ikahama. Sisi tuliendelea, kwa sababu tulikuwa tumeshazoea kuishi bila wao. Yule baba wa mbuzi, ambaye sasa ni mwenzetu, alinakili ule mustari kwenye ubao, akausimamisha pale. Watu walisoma, wakahamisha mahema.

Aksanti kwa fundi wa kusudia, yule anayeunga vyuma, anayetuchajia simu. Aksanti kwa ninyi munaotutumia mega bila kuombwa mara mbili. Majina yenu tunayaandika, lakini hata ninyi hamugusi mustari. Ombeni musaada, mimi bado ninaomba. Lakini kabla ya kupokea, mumuonyeshe mwenye kutoa kile ambacho hatakigusa.

Ukifungua ile historia leo, jina langu liko mara mbili: nilipofuta, na niliporudisha. Sitaki liondoke. Mama hakunidai kitu, isipokuwa kwamba nikisimama mbele ya watu, niusome. Yuko pale benchi ya tatu, ananiangalia kama nitasahau. Mama, sijasahau:

"Bonde hili lina mazuku. Usilale hapa, usifunge munyama hapa. Panda juu, hata kama umechoka."